Fungeni Vitabu, Watoto

Mwalimu wangu,

Salamu nitazitoa baadaye. Kwanza nina ugomvi na wewe. Mtu gani anavaa kofia yake saa za kutoka kazini, anasema, "Zaituna mwanangu, hayo mengine tutamalizia kesho," halafu hiyo kesho haji? Wanaume walikwenda kukuzika, mimi nikabaki uani kwenu na wanawake wenzangu, napepeta mchele wa matanga na siuoni kwa machozi. Watu wakaniambia, nyamaza, usimlilie maiti kwa sauti. Nikanyamaza mdomo. Moyo haukunyamaza, na leo nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya kompyuta yako, nasema yote.

Nyumbani kwako ni wazima. Mkeo Bi Atija yuko eda, kajitanda nguo nyeupe, hatoki na wala hatazamwi na mwanamume asiye maharimu wake. Ofisini tumebaki watatu. Chefe, mkuu wetu, yupo, na Kiswahili chake kile cha Zambézia, bado anasema "habari yako" kwa watu kumi kwa pamoja. Anli mlinzi yupo. Momade alishakwenda kwenye kambi ya gesi ya Afungi kabla hujaondoka, unajua, na sasa anapika wali wa kambi nzima, ananenepa tu. Kwa hiyo kwenye kuchapa nimebaki mimi peke yangu, mimi ambaye ulinikuta sijui hata panya wa kompyuta anashikwaje, ukacheka mpaka ukatoa miwani.

Nataka nikukumbushe siku yako ya mwisho kazini, maana yote yaliyonipata yametoka hapo.

Bi Sifa alikuja asubuhi ile. Mama mtu mzima, kutoka ndani huko, upande wa Awasse, kakimbia siku za vita na kanga moja mwilini. Alitaka bilhete, kitambulisho chake kilichoungua na nyumba. Na wewe unazijua sheria zetu kuliko mimi: asiye na karatasi alete shahidi aliyemjua kabla ya kukimbia, shahidi aseme mbele ya Chefe, maneno yaingie kwenye faili kuu, Chefe athibitishe. Karatasi hatuweki tena. Karatasi zinaungua, tuliona. Bi Sifa akasema hana shahidi, wa kwao wote wametawanyika, wengine hajui kama wako juu ya ardhi au chini. Ana binti mmoja tu, yuko Pemba, kajifungua, na bila bilhete mama hapiti kwenye vizuizi vya barabarani. Mjukuu anakua, bibi hajamtia machoni.

Wewe ulikuwa umeinamia kazi yako. Ukainua kichwa, ukavua miwani, ukavaa tena. Ukasema, "Huyu si Sifa wa mandazi?"

Jamani, vile alivyolia yule mama. Kumbe ulifundisha shule ya kijijini kwao enzi za ujana wako, na kila asubuhi ulikula mandazi yake chini ya dirisha la darasa. Ukasimama, ukamwambia Chefe, "Shahidi ni mimi." Ukawa unasema, huku mimi nachapa. Ulisema mambo mengi kuliko sheria inavyotaka. Ulisema kwamba mandazi yake yalikuwa na hiliki nyingi mno, na kwamba hakuwahi kumfukuza mtoto asiye na kitu. Nikakuuliza, hayo ya hiliki nayo niandike? Ukasema, "Andika. Mtu si jina tu." Chefe akathibitisha, Bi Sifa akaambiwa asubiri brigada ya kutoka Pemba itakayokuja kutoa vitambulisho.

Ukavaa kofia. Mlangoni ukageuka ukaniambia, "Leo nina habari ya kumpelekea Atija, atapiga kigelegele." Ukaenda zako. Ukafika kwenu, ukakaa kibarazani kuvua viatu, na presha ikakuangusha hapo hapo kabla hujafungua mdomo. Hukusema tena neno hata moja.

Sasa sikiliza kilichofuata.

Unakumbuka Ijumaa zetu. Umeme wa kubahatisha, kompyuta tunaziendesha kwa jenereta, na jenereta iko mikononi mwa Anli. Anli hana saa, saa yake ni adhana. Muadhini akitoa Allahu Akbar ya kwanza, Anli kashazima mashine, kashachukua kandambili zake, huyoo msikitini. Chefe alimwandikia waraka kwamba kazi ya serikali haizimwi namna hiyo. Anli akaukunja vizuri, akautia mfukoni, akasema, "Ahsante Chefe, nitausoma nikirudi." Anarudi kila Ijumaa, na mpaka leo hajausoma.

Ndipo wewe, adhana ikikaribia, ulikuwa unasimama, unavuta suruali juu ya kitambi, na kwa ile sauti ya darasani unatangaza, "Fungeni vitabu, watoto!" Vitabu gani, Mwalimu? Ofisi nzima haina kitabu, ina kompyuta na mijusi. Na watoto gani, Chefe ana mvi mpaka kwenye nyusi. Tulikuwa tunacheka, lakini tunafunga. Tunahifadhi kazi, tunatoka kwenye faili, tunazima kompyuta, ndiyo Anli anazima mashine yake. Mimi nilidhani ni mzaha wako tu wa Ijumaa. Wallahi nilidhani ni mzaha.

Ijumaa ya kwanza baada ya kukuzika ikawa ndiyo siku ya hitima yako. Kompyuta yangu kioo kilikuwa kimekufa, nikakaa kwenye yako. Nilikuwa nimefungua maelezo ya Bi Sifa, niyasome mara moja kabla brigada haijafika, na nikiwa mkweli nilitaka tu kuona maneno yako. Chefe naye alikuwa ndani ya faili hilo hilo kutoka mezani kwake, huku mfuko wa sukari ya kupeleka kwenu uko magotini. Sote roho ziko kwenye hitima, mimi nawaza nitapita wapi na sahani zile nilizoazima. Adhana ikalia. Anli akazima. Kioo kikawa cheusi. Tukanyanyuka sote, tukafunga mlango, tukaja kukusomea.

Hakuna aliyesema fungeni.

Jumatatu nikawasha. Nikabonyeza faili kuu kama siku zote, na likanitolea maneno ya Kireno ambayo sikuwahi kuyaona: kwamba haliwezi kufunguka, haliko katika muundo unaotambulika. Nikabonyeza tena. Nikazima, nikawasha. Nikasema Bismillahi, nikabonyeza tena, kama vile hapo mwanzo nilisahau. Chefe akaja akasimama nyuma yangu, nikasikia pumzi zake. Watu wote waliokuja kwetu tangu siku za kurejea baada ya vita, mashahidi wao, majina ya baba zao na ya vijiji vyao vilivyoungua, vyote vimo mle ndani. Na brigada inaingia wiki ile ile.

Chefe akasema, "Zaituna, wewe ndiye uliyekaa na Mwalimu." Alisema taratibu, hakufoka. Afadhali angefoka.

Nilikaa na wewe, ndiyo. Lakini ulinifundisha kuandika, hukunifundisha kutibu! Ulikuwa unasema, tutafika huko, mwanangu, haraka ya nini. Nikakutukana, Mwalimu, nisamehe. Kimoyomoyo nikasema, mzee huyu kaniachia mzigo mbichi. Halafu nikakumbuka kitu kimoja ulichokuwa unakirudia kila siku, mpaka nikawa nakuigiza: "Kabla hujagusa, nakili. Ukiharibu nakala, umeharibu kivuli." Basi nikanakili faili lile bovu, nikaliweka pembeni, nikaapa sitaligusa lenyewe. Hilo tu ndilo nililolijua.

Chefe akanipa simu ya fundi wa Pemba. Sijapata kumwona, ni sauti tu, ya kijana anayetafuna kitu. Akaniambia nitazame pembeni ya faili kuu, kuna kijifaili kidogo ambacho huzaliwa mtu akiingia na hufutika mtu wa mwisho akitoka. Kikiwapo na hakuna mtu ndani, basi kimekwama, na faili linadhani bado linatumika. Kweli kilikuwapo. Akasema, kifungue usome nani yuko ndani.

Nikakifungua. Kulikuwa na jina la kompyuta ya Chefe. Na chini yake, kwa herufi kubwa: MFAUME.

Mwalimu, najua. Ni jina la kompyuta, uliipa jina lako mwenyewe siku walipoileta, na aliyekaa hapo Ijumaa ni mimi. Sijapungukiwa akili. Lakini tulikuwa tumeshakuzika, tumeshakusomea, sahani zimeshaoshwa na kurudishwa kwa wenyewe, na mbele ya macho yangu kompyuta inaniambia Mfaume yumo ndani, hajatoka.

Fundi akasema, haya, kifute. Nikamwambia ngoja kidogo. Akauliza, ningoje nini? Nikakata simu nikasingizia mtandao. Nikaegemeza kichwa mezani kwako, pale ulipozoea kuweka kikombe, pana duara la chai ambalo halitoki, nikalia. Nililia kuliko siku ya msiba. Anli akachungulia dirishani, akaona, akarudi zake kimya kimya, na mara nikamsikia nje anamfokea mbuzi wa watu bila sababu yoyote.

Kisha nikajifuta na ncha ya mtandio, nikakifuta. Nilisema, "Toka salama, Mwalimu," nikabonyeza. Jina likapotea. Na faili halikufunguka, lile shetani.

Ndipo kazi ilipoanza kweli. Nikampigia tena fundi, akanielekeza pa kubonyeza ili faili lijitengeneze lenyewe. Likajaribu, likafika mahali likakwama. Akasema, tengeneza faili jipya, tupu, halafu vuta majedwali kutoka kwenye lile bovu, moja moja. Nikavuta. Majina yakaja. Vijiji vikaja. Tarehe za kuzaliwa zikaja, hata zile za watu wanaosema "nilizaliwa mwaka wa nzige." Nikaanza kupumua. Nikavuta jedwali la maelezo ya mashahidi, kompyuta ikaganda kama imetiwa ugoro. Nikarudia. Ikaganda.

Fundi akatafuna, akafikiri, akasema: ugonjwa uko kwenye safu ya maelezo. Futa safu hiyo nzima, majina yatabaki, umemaliza. Chefe alikuwa anasikiliza. Akashusha pumzi, akasema kwa Kireno, basi tufute, majina yanatosha, brigada iko njiani.

Nikasema hapana.

Sijui nilipata wapi kinywa. Mimi, wa kuchapa tu, namwambia Chefe hapana. Nilimwambia, hizo ndizo sauti za mashahidi, tukizifuta watu hawa ni majina matupu, na jina kila mtu analo. Nilitaka kuongeza kwamba ni wewe uliyesema mtu si jina tu, nikaogopa nitalia tena. Chefe akanitazama, akatazama kiti chako, yaani mimi nilivyokalia kiti chako. Akasema, haya, jaribu, lakini si kwa muda mrefu.

Nikafanya kama tunavyochambua mchele wenye mawe. Hutupi mchele wote. Unagawa nusu, unaitazama, kama ni safi unaiweka, unagawa iliyobaki. Nikavuta nusu ya kwanza ya maelezo, ikaja yote. Nusu ya pili ikagoma. Nikaigawa. Hivyo hivyo, vidole vinaniuma, shingo inaniuma, chakula nakula mkono mmoja. Kila kundi likiingia nilikuwa namsomea Anli jina moja au mawili kwa dirisha, naye anaitikia, "Alhamdulillahi, huyo namjua." Nikazidi kupunguza, nikapunguza, mpaka kwenye lile jedwali bovu ukabaki mstari mmoja tu. Ukiugusa, kila kitu kinazima. Ukiutazama kwa mbali, jina linasomeka, na mbele yake, mahali pa maneno yako, kuna vijialama kama maandishi ya Kichina.

Jina lilikuwa Sifa.

Wote wamepona isipokuwa yeye. Ni mstari ule niliouacha wazi Ijumaa. Na shahidi wake ni wewe.

Pengine utaniambia, mpumbavu wewe, si ulichapa mwenyewe, andika tena. Maneno yote nilikuwa nayo kichwani, hadi hiliki. Lakini Mwalimu, ningeyaandika kwa tarehe ipi? Yale ya kwanza ulisema ukiwa hai, Chefe akathibitisha. Nikiyaandika leo ni maiti anatoa ushahidi, na mimi ndiye niliyemtia maneno mdomoni. Nisingeweza kukusingizia, hata kwa jambo la heri. Na Bi Sifa alikuwa ameshaanza kuja. Anakaa kwenye benchi pale nje, kashika mfuko wa nailoni wenye gauni dogo la mtoto alilolishona kwa mkono, haulizi kitu. Nikitoka ananiambia, "Usiwe na haraka, mwanangu." Afadhali angenitukana.

Nikakumbuka flashi yako, ile ya nakala, uliyokuwa unaning'iniza shingoni kama hirizi. Nikasema labda ulinakili siku ile. Chefe akataka kwenda mwenyewe kuiuliza, Anli akamwambia, Chefe, unakwenda wapi, kule kuna mjane wa eda. Kwa hiyo nikaenda mimi.

Bi Atija alinikumbatia muda mrefu. Nyumba inanuka udi na upweke, viatu vyako bado viko mlangoni, vimeelekezwa ndani. Akanipa flashi, ilikuwa imeviringwa ndani ya kofia yako ya Ijumaa. Akauliza, "Kimepotea nini?" Nikamwambia vyote vimepatikana, kapotea mama mmoja tu, Bi Sifa, wa upande wa Awasse, na shahidi wake alikuwa marehemu.

Akaniachia mkono. "Sifa yupi?"

Nikasema, Sifa aliyekuwa akiuza mandazi shuleni.

Akakaa chini pale pale sakafuni. Akasema, "Sifa yuko hai?" Akasema tena, "Zaituna, usinitanie, Sifa yuko hai?" Kisha akaanza kusema bila kupumua, kwamba alikuja kijijini pale akiwa bibi harusi wako, hamjui mtu, na Sifa ndiye aliyemkalisha jikoni na kumfundisha kukanda unga. Kwamba mtoto wenu wa kwanza, yule ambaye hakukaa, Sifa ndiye aliyemwosha. Kwamba tangu vita amekuwa akimwombea dua ya wafu.

Mwalimu! Hukuwahi kumwambia. Ile habari uliyokuwa ukimpelekea ilikufia mdomoni, na mimi, nilipokwenda kutafuta kidubwasha cha plastiki, ndiye niliyemfikishia. Kigelegele hakupiga, hawezi kupiga katika eda. Alijiziba mdomo kwa nguo yake nyeupe, na mabega yakatikisika.

Flashi haikuwa na Bi Sifa, ilikuwa nakala ya zamani. Haikunishughulisha. Shahidi nilikuwa nimeshampata.

Ila shahidi lazima aseme mbele ya Chefe, na mjane hatoki. Na Chefe ni mwanamume. Nikarudi ofisini nikamweleza, nimejiandaa kugombana. Alifikiri. Akasema kwa Kiswahili chake, "Basi ofisi inatembea." Akachukua mhuri.

Ungetuona tunavyokuja kwako, ungecheka mpaka ukatoa miwani. Mimi na kompyuta ya kubeba kichwani, Bi Sifa na mfuko wake, Chefe kavaa koti, Anli kaacha lango la serikali wazi. Bi Sifa nikampitisha ndani. Chefe akavua viatu, soksi moja ina tundu kidole kimetoka, akakaa kwenye mkeka kibarazani, akageuzia mlango mgongo. Mlangoni tulitundika kanga mbili. Mimi nilikaa kizingitini, nusu huku nusu kule.

Kwanza hapakuwa na ushahidi wowote. Palikuwa na kilio. Wale mama wawili walishikana nyuma ya ile kanga, na mimi najua ni adabu kutotazama, lakini nilitazama. Chefe alikohoa, akatoa leso. Anli akaenda kutazama kuku.

Halafu Bi Atija akajikaza, akasema jina lake na la baba yake, akasema, "Mimi ni mjane wa Mfaume, na huyu namjua." Nikachapa. Akasema yote, ya jikoni na ya mtoto. Mwishoni Chefe akauliza, akiwa ametazama barabara, kama kuna la kuongeza. Bi Atija akasema, "Andika kwamba mandazi yake yana hiliki nyingi mno. Mume wangu alikuwa akilalamika kila siku, na kila siku anakula." Nikainua kichwa. Sikuwa nimemwambia neno lolote juu ya hiliki.

Nikaandika.

Brigada ilikuja. Bi Sifa alipigwa picha, katabasamu ingawa walimkataza, wakampiga ya pili. Kitambulisho alipopewa alikibusu, akakitia ndani ya lile gauni dogo. Kabla ya kupanda gari la Pemba alipita kwa mkeo, akamwachia kikapu cha mandazi, na Bi Atija alinipa mawili. Ni kweli, Mwalimu. Hiliki imezidi.

Jana ilikuwa Ijumaa. Adhana ilikuwa imekaribia, nilijua kwa jinsi Anli alivyosimama, mkono uko kwenye jenereta. Lakini hakuzima. Alikuwa anachungulia dirishani kuelekea kiti chako, anangoja. Chefe naye kaacha kuandika. Nikaelewa kwamba wote tunangoja, na kwamba tumekuwa tukingoja tangu ulipoondoka. Nikasimama. Suruali sina, nikavuta mtandio. Nikasema, "Fungeni vitabu, watoto!" Sauti ilikatika katikati, ikatoka kama ya jogoo mchanga. Hakuna aliyecheka. Chefe alifunga wa kwanza.

Fundi anataka tubadilishe jina la kompyuta hii, anasema utaratibu haupendi majina ya watu. Nimemwambia mtandao mbaya, sikusikii.

Sasa chukua salamu zako. Assalamu alaikum, Mwalimu Mfaume, amani iwe juu yako huko uliko, na kaburi lako Mola alifanye pana kuliko darasa lako lile. Ugomvi wangu nawe umekwisha. Ahadi yangu ni hii: kila asubuhi nitawasha hapa, na kila nikiingia kwenye faili kuu kompyuta itaandika kwamba Mfaume yumo ndani. Nitakuacha ukae kutwa nzima, tufanye kazi. Jioni nitafunga taratibu kama ulivyonifundisha, nitangoja mpaka nione jina lako limetoka lenyewe, ndipo nitamwambia Anli azime.

Mwanao wa kazini,
Zaituna